Kushuka Bila Mwenyeji

Mama yangu hakuwa na ugomvi na bahari. Ugomvi wake ulikuwa na mimi kushuka ndani yake. Siku niliyoaga kwenda kazini kwa mara ya kwanza alinishika mkono mlangoni kwetu, Korogwe, akanitaka nirudie maneno yake mbele ya jirani: sitaingia popote, iwe porini iwe majini, bila mwenyeji wa mahali hapo. Yeye ni Mzigua wa Mazingara, na alikozaliwa mtu haingii pori la watu peke yake akijifanya mjuaji. Nikarudia maneno yote. Nilikuwa nakwenda kupika tu, kwa hiyo ahadi ile niliiona nyepesi.

Kazi yenyewe niliipatia Mombo. Nilikuwa nauza chakula pale mabasi yanaposimama, na anayeijua Mombo anaijua haraka yake. Abiria wanashuka na njaa, kila mmoja anataka ahudumiwe yeye kwanza, na dereva anaanza kupiga honi wali haujagusa sahani. Siku moja mwanamume mmoja aliyekuwa anatoka Lushoto kuwatembeza wageni alisimama pembeni akinitazama ninavyolisha basi zima huku nikigombana na kondakta. Alipomaliza kula hakuondoka. Akaniuliza, "Dada, unaweza kupika kwenye chombo kinachoyumba?"

Nikamwambia alete chombo kwanza, kuyumba tutajua mbele ya safari.

Alikuwa mtu wa Pangani, na alikuwa kiongozi mkuu wa wazamiaji kwenye boti ya kulala. Nieleze kidogo, maana hata nyumbani ilinichukua muda kuwaelewesha. Ni boti kubwa yenye vyumba, na wageni wanaoipanda hawaendi popote. Wanakaa baharini siku kadhaa, wanavaa mitungi ya hewa mgongoni, wanashuka chini kwenye matumbawe, wanapanda, wanakula, wanashuka tena. Basi. Mimi nilijua wanavyokula, na nakwambia mtu aliyetoka chini ya maji ana njaa ya mkata mkonge. Baba yangu alikata mkonge maisha yake yote kwenye shamba lililo nje ya Korogwe, kwa hiyo njaa hiyo naifahamu, na vipimo vya kuishinda ninavyo.

Kila mlo ulikuwa na mjadala uleule. Je, kushuka na kiongozi ni bora, au kushuka bila kiongozi? Wageni waligawanyika pande mbili kama watu wa mpira. Wa upande mmoja walisema kiongozi anajua kasa analala wapi na mkondo unageuka saa ngapi, kwa nini mtu atoke kwao mbali aje kutazama mchanga? Wa upande wa pili walisema kiongozi anakimbiza watu, anagonga mtungi kwa chuma ting ting ting, na watu wote wanamzunguka samaki mmoja maskini kama waliokuta ajali barabarani. Walitaka kushuka wawili wawili, kila mtu na mwenza wake, kwa mwendo wao. Mimi nilikuwa napakua samaki wa nazi, nikiwasikiliza, nikiona wote wana haki na wote wana kiburi.

Kuogelea nilijifunza kwa hasira. Vijana wa boti walikuwa na utani kwamba mtu wa bara akianguka majini unasikia kishindo cha kwanza na cha mwisho. Nikawaambia subirini. Jioni, vyombo vikishaoshwa na boti imetia nanga, yule mtu wa Pangani alinifundisha nyuma ya boti, kwanza kuelea, kisha kuogelea, na baada ya misimu kadhaa akanivisha mtungi. Siku ile ya kwanza nilipopumua chini ya maji nilicheka, na maji yakaniingia kwenye miwani. Sikuwahi kupenda kitu namna ile. Nilikuwa nimeishi miaka yote nikidhani uzuri wa dunia uko juu Bungu, kwenye mashamba ya milimani ambako baba alitupeleka tukiwa wadogo, kumbe kuna mwingine uko chini na haupigi kelele.

Nilishuka naye mara nyingi, siku zote nyuma yake, macho kwenye mapezi yake ya njano aliyovaa miguuni. Ahadi ya mama sikuivunja hata siku moja. Yeye ndiye alikuwa mwenyeji.

Kisha mmoja wa viongozi akaaga, anakwenda kuanza maisha mengine kwao. Yule mtu wa Pangani akanikuta naosha sufuria. "Nafasi ni yako ukiitaka," akasema. "Lakini kwanza ushuke bila kiongozi. Wewe na mwenza, basi. Uende, urudi mpaka kwenye boti kwa akili yako, bila kufuatwa na boti ndogo inayookota waliopotea. Kiongozi ambaye hajawahi kushuka bila kiongozi ni abiria aliyepewa siti ya mbele."

Nilitaka nafasi ile kuliko kitu chochote. Nikamwambia kuna mtu Korogwe lazima nizungumze naye kwanza. Hakucheka, na kwa hilo nilimheshimu zaidi. Akasema safari ijayo ndiyo ya mwisho kunisubiri, baada ya hapo atatafuta mtu mwingine.

Ningeweza kushuka bila kumwambia mama. Kutoka Korogwe huoni kinachofanyika chini ya bahari. Lakini wapo watu wanaoweza kucheza na radhi za mama, na mimi simo. Boti ilipofunga safari nikapanda basi.

Nilimkuta uani anachambua mchicha. Nikapiga magoti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Mpishi gani anakonda?"

Nikamweleza yote, bila kuzunguka. Alisikiliza akiendelea kuchambua, akitupa majani mabovu kwa kuku. Nilipofika penye maneno ya kushuka bila kiongozi, mikono ikasimama.

"Kwa hiyo unataka nikufungue."

"Ndiyo, mama."

"Uingie kwenye maji ya watu, usimozaliwa, usiyojua yanaanzia wapi, ujiongoze mwenyewe."

"Ndiyo, mama."

Akanitazama. Mama ana jicho moja dogo kuliko lingine, na akikasirika lile dogo ndilo linalosema. "Mama yako mdogo amehama," akasema. "Amejenga kwenye shamba jipya, hukohuko Mazingara. Mimi nimeshafika, wewe hujafika. Kesho unipeleke. Mimi nitakufuata nyuma, neno halitanitoka. Na wewe ole wako umuulize mtu njia. Tukifika, tutazungumza habari ya bahari. Tusipofika, utarudi kwenye masufuria yako na sitaki kuisikia tena."

Niliona jambo hili ni jepesi. Nimesoma dira, najua kaskazini iko wapi, shamba la mama mdogo litanishinda nini?

Asubuhi tukapanda basi mpaka Handeni, kisha gari dogo la mizigo mpaka Mazingara. Tukashuka barabarani, mama akafunga khanga yake vizuri kiunoni, akasimama nyuma yangu kama mtoto anayepelekwa shule. Mbele kulikuwa na mahindi mpaka jicho linachoka, na njia za miguu zinaingia ndani yake huku na huku, zote nyekundu, zote zinafanana. Nilichokuwa nacho ni maneno mawili matatu niliyowahi kuyasikia kwenye simu, kwamba nyumba mpya iko ng'ambo ya bonde na ina bati jipya.

Nikachagua njia pana kuliko zote. Niliona ni busara, maana njia inayopitwa na watu wengi lazima inakwenda kwa watu. Nikatembea kwa mwendo wangu wa boti, haraka haraka. Tukawapita wazee wawili wanaopumzika pembeni ya shamba, nikawarushia shikamoo bila kusimama. Tukampita mama mwenye kuni kichwani, nikamtupia habari za asubuhi kwa bega. Nyuma yangu nilimsikia mama akisimama, akiwasalimu mmoja mmoja taratibu, kisha akikimbia kidogo ili anifikie. Neno hakusema. Jua likapanda, njia ikazidi kuwa pana, nami nikazidi kujisifu, mpaka tulipotokea mbele ya lambo. Ng'ombe walikuwa wamejaa ukingoni, matope mpaka magoti, wanakunywa.

Ile njia ilikuwa pana kwa sababu ya kwato. Binti wa Mzigua nimepotezwa na ng'ombe! Mama akatafuta jiwe, akakaa, akatoa ndizi kwenye mkoba wake, akaimenya polepole kama mtu aliyelipa kiingilio. Nilihisi machozi ya hasira yakinijia. Nilikuwa naona ile nafasi ya kazi ikizama pale lamboni katikati ya ng'ombe.

Ng'ombe wale walikuwa na mchungaji, Mmasai wa makamo, amesimama mguu mmoja na fimbo yake. Sikuwa na ruhusa ya kumuuliza kitu, lakini kupita bila salamu mara ya pili niliona aibu, hasa mama akinitazama. Nikamwendea, nikasimama, nikamsalimu inavyotakiwa. Habari za hapa. Njema. Za nyumbani? Njema. Za ng'ombe? Wazima, wanamshukuru Mungu. Mvua je? Ilikuja kidogo, ikaondoka. Poleni sana. Asante, ndiyo hali. Tukanyamaza kidogo, maana salamu ina mahali pa kupumua. Kisha yeye, kama anavyofanya kila mtu wa pande zile tangu dunia iumbwe, akauliza, "Mnatokea wapi?"

"Korogwe."

"Na mnaelekea wapi?"

Nikamjibu kwamba tunakwenda kumsalimu mama mdogo, amehamia huku karibuni, amejenga nyumba ya bati jipya.

"Aa! Mama wa mbuzi weupe," akasema, akainua fimbo. "Mmezidi. Rudini mpaka kwenye mti uliokatika, kuna njia nyembamba mkono wa kushoto. Shukeni nayo."

Mama akaacha kutafuna.

Tangu hapo sikumpita mtu. Kwenye mti uliokatika alikuwepo mzee anasokota kamba, nikakaa kabisa, tukaanza na afya, tukaja kwenye mahindi, tukamaliza na wajukuu, akauliza tunaelekea wapi, akatusogeza mbele. Bondeni walikuwa kina mama wanachota maji, nao wakauliza, wakatusogeza. Nilikwenda taratibu kuliko mwanzo na nikafika haraka. Mama mdogo alituona kutoka mbali, akatupa ungo, vigelegele vyake vikatutangulia kwenye mlango.

Mama hakukubali kirahisi. Alianza hata kabla ya kupewa maji. "Umeuliza njia!"

"Sijauliza mtu, mama. Ulikuwepo. Wao ndio waliniuliza mimi."

Mama mdogo alipoelezwa shauri lenyewe alicheka mpaka akashika ukuta. Mama alijitahidi kukaza uso, lile jicho dogo likamsaliti. Akanywa maji, akaniita nikae mbele yake. Akaweka mkono kichwani kwangu, akaniombea dua, palepale mbele ya mbuzi weupe.

"Nimekufungua," akasema. "Lakini na huko chini, usiwapite watu kama ulivyowapita wale wazee asubuhi. Umenitia aibu."

"Huko chini kuna watu gani, mama?"

"Mimi nitajuaje? Mwendaji ni wewe."

Safari iliyofuata tulikuwa na wageni wachache, na kati yao walikuwemo mume na mke, watu wazima wenye mvi, ambao walikuwa wamezamia tangu kabla sijazaliwa. Yule mama alikuwa kinara wa upande wa bila kiongozi. Alikuwa anapenda konokono wa baharini, wale wadogo wenye rangi kama za khanga, na alisema kiongozi yeyote anayemharakisha mbele ya konokono hamtaki. Siku zote alishuka na mumewe tu. Siku ya tatu ya safari masikio ya mume yakagoma. Akashuka kidogo, akapanda ameshika kichwa, ikawa basi kwake.

Kwenye boti hakuna ruhusa ya kushuka peke yako. Yule mama akatazama huku na huku, akakataa viongozi wote, kisha akaninyooshea kidole mimi, nimeshika kijiko cha wali. "Nitashuka na mpishi," akasema. "Yeye hatanikimbiza. Bado hajawa kiongozi."

Yule mtu wa Pangani akanitazama. Nikavua aproni.

Kabla hatujaruka, mume wake aliniita pembeni. Alizungumza Kiswahili cha kuombea maji, lakini nilimwelewa vizuri. Akaniambia mke wake anajua kila kitu cha baharini isipokuwa boti iko wapi. Miaka yote hiyo yeye ndiye aliyekuwa anamrudisha. Nikamwangalia yule mama anavyojisifu sitahani kwamba hajawahi kuhitaji kiongozi, na nikataka kucheka. Kumbe na yeye alikuwa na kiongozi wake, tena wa ndoa.

Tukashuka kwa kamba ya nanga. Nilipofika chini sikuondoka. Mwenzangu alitaka kuanza mara moja, nikamwonyesha kiganja, subiri. Nikatulia, nikaanza kutazama walioko pale, mmoja mmoja. Kulikuwa na tumbawe kubwa la duara, kama chungu kilichofunikwa. Nikalizunguka, nikalitazama kwa upande nitakaolikuta wakati wa kurudi, kwa sababu kila kitu kina uso wa kuendea na uso wa kurudia. Samaki wadogo juu yake walikuwa wamepanga vichwa upande mmoja, wote, wakipiga mikia bila kwenda popote. Samaki hukaa hivyo, kichwa wanaelekeza mkondo unakotoka, wapate chakula kinachokuja na maji. Nikajua mkondo unatoka wapi. Nikaamua twende nao wakitupa mgongo, tupambane na maji tukiwa na nguvu na mitungi imejaa, kisha yaturudishe yenyewe. Mwamba nikauweka mkono wa kulia.

Tukaenda taratibu sana. Mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka, alitoa kichwa kwenye shimo, nikasimama mpaka akatosheka na mimi. Kwenye tumbawe lenye umbo la feni palikuwa na kamba mdogo mweupe, nikamwita mwenzangu kwa mkono, bila ting ting. Alipomwona alinishika bega kwa furaha. Kisha akampata konokono wake, wa zambarau na ukingo wa njano, na hapo nikafahamu mume wake alikuwa anasema nini. Alimzunguka akipiga picha, kichwa chini miguu juu, akasogea kwa konokono mwingine, na mwingine, kona baada ya kona, na kila alipogeuka mimi niligeuka nyuma kutazama tulikotoka. Nilikuwa na furaha isiyo na woga. Natumia neno hilo kwa makusudi, kwa sababu nilikuwa nimejiandaa kwa woga na haukuja.

Ulikuja baadaye. Geji za hewa zilipotuambia ni wakati wa kurudi, tukageuka, mwamba mkono wa kushoto, maji yakatubeba vizuri. Halafu mwamba ukagawanyika. Mbele yetu kulikuwa na njia mbili ambazo wakati wa kuja sikuziona kama mbili, maana konokono alikuwa ametuingiza kwa pembeni. Upande wa kulia palikuwa na uwazi wa mchanga mweupe, mpana, unang'aa, unateremka polepole. Upande wa kushoto palikuwa na upenyo mwembamba, giza kidogo, kati ya matumbawe. Mwenzangu akaonyesha kulia bila kusita, akaanza kwenda. Nikamshika pezi.

Akageuka, macho makubwa ndani ya miwani. Akaonyesha tena kulia, kwa nguvu, kidole cha mtu ambaye amezamia miaka mingi na anayeongea na mpishi. Tukikosea tungetokea mbali na boti, boti ndogo ingekuja kutuokota mbele ya wote, na maisha yangu yangekuwa wali. Nilitaka kwenda haraka, popote, ili lile jambo liishe. Nikajilazimisha kutulia. Nikatazama walioko pale.

Kwenye mchanga ule samaki walikuwa wachache, nao walituonyesha ubavu. Maji ya pale yalikuwa na safari yao nyingine, yanateremkia kwenye kina. Kwenye upenyo mwembamba walikuwa wamejaa, wadogo wa rangi ya chungwa, vichwa vyote kwetu. Walikuwa wanatutazama usoni, kama inavyopasa kwa mtu anayerudi na mkondo. Nikamtazama yule mama, nikatikisa kichwa, hapana. Akatikisa chake. Nikatikisa changu zaidi, na kama hasira ya mtu wa Mombo inaweza kupita kwenye miwani, ilipita. Akainua mikono, haya, bibi. Nikaingia mbele, yeye akafuata nyuma yangu.

Tukapita kati ya wale samaki, wakafunguka kidogo na kujifunga nyuma yetu. Nikahesabu pumzi zangu ili zisikimbie. Upenyo ukakunja, ukakunja tena, na sikuona kitu, na sikuona kitu, kisha likatokea lile tumbawe la duara, uso wake wa kurudia, na kando yake kamba ya nanga imesimama wima kwenye maji kama imechorwa kwa rula. Nilipiga kelele ndani ya kifaa cha kupumulia. Najua yule mama alinisikia, kwa sababu na yeye alipiga.

Tulitulia kwenye kamba kidogo kabla ya kupanda, kama sheria inavyotaka, nikiwa naliona tumbo la boti juu yangu. Pale palikuwa na muda wa kulia nikalia. Chini ya maji ni mahali pazuri pa kulilia, hakuna anayekupa pole.

Tulipotoa vichwa majini, ngazi ilikuwa mbele ya pua zetu. Yule mume alikuwa ameegemea ukingoni, ameshika kofia kwa mikono miwili, akamwona mke wake, akakaa chini palepale. Mtu wa Pangani aliteremka ngazi mwenyewe mpaka maji yakamfika kiunoni. Kwa kawaida wafanyakazi ndio wanaowapokea wageni mapezi, na mimi nilikuwa nimeyapokea ya watu wengi. Akanyoosha mkono, akapokea yangu.

Mchana boti ilisogea karibu na bara, simu zikaanza kupata mtandao. Nikampigia mama na kuiweka simu sauti ya juu, maana viongozi wote walikuwa wamenizunguka mezani. Nyuma yake nilisikia kelele za nyumbani. Majirani walikuwepo.

"Umerudi?" akauliza. Hakuuliza kitu kingine.

"Nimerudi, mama."

"Nani alikuwa mbele?"

"Mimi, mama. Nilimweka mgeni kushoto kwangu wakati wa kwenda, na wakati wa kurudi alinifuata nyuma."

Kikatoka kigelegele kimoja kirefu, cha mama mwenyewe, ambaye tangu baba afariki sijamsikia akipiga, na majirani wakakidaka, na ua mzima wa Korogwe ukajaa kwenye ile simu ndogo juu ya meza. Wageni waliacha kula. Yule mama wa konokono alisimama, akaanza kupiga makofi bila kuelewa neno.

Vigelegele vilipopungua, mama akasema, "Mkubwa wako yupo hapo?"

Mtu wa Pangani akainama kwenye simu. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mwanangu amerudi mzima?"

"Mzima kabisa. Na mgeni wangu amemrudisha mzima."

"Basi mtafute mpishi mwingine," mama akasema.

Mtu wa Pangani akacheka, akageuza macho kwenye sufuria la wali lililokuwa linaungua jikoni, ambalo hakuna mtu aliyekuwa amelikumbuka.

"Tumeshaanza kumtafuta, mama."